Mkia wa Semeni

Jumamosi waliogelea kutwa, Mbuke na mbwa.
Mimi nilikuwa juu ya mwamba, injini ya Magoti nimeifungua kifua,
plagi nimezipanga kwenye gazeti,
na kila nikiinua macho naona vichwa viwili,
kimoja cheusi, kimoja rangi ya mhogo wa kuchoma,
vikifukuza kipande cha boya la njano.
Anarusha. Anakileta. Anarusha tena.
Maji ya Juni, Luchelele, yana meno.
Nilisema mara moja, "Inatosha."
Mara ya pili sikusema:
kesho yake binti alikuwa anakwenda Tabora, kidato cha tano,
na mtoto humpimii ziwa kwa kijiko.

Jumapili, stendi ya Nyegezi. Sanduku la bati, ndoo, godoro lililofungwa kamba.
"Baba, usisahau kumpa maji."
"Maji? Huyu si anaishi ziwani?"
Katika maneno yote niliyokuwa nayo,
nikachagua hayo.

Nilivyorudi, Semeni hakuja kunilaki njia panda.
(Jina nilimpa mimi, mwaka ule majirani walipokuwa na mengi.)
Alisimama mlangoni, macho yananichekea,
lakini huko nyuma, kimya:
mkia umetoka sawa vidole vitatu, kisha ukaanguka
kama kamba iliyopoteza nanga.
Akitaka kukaa anakaa upande,
kama mwenye jipu.

Wakasema. Si ndilo jina lake?
Kagongwa na bodaboda. Kalishwa kitu.
Mama Nyanjige: "Kafyata mkia, kaona lisiloonekana."
Hapana. Kufyata nakujua,
nimefyata mbele ya wanaonidai:
ni kuukunja kati ya miguu na kuubana.
Huu haukubanwa. Huu umeachwa.
Muuza petroli akamalizia, "Mbwa hafi maji akiona ufuko."
Nikamwambia, ufuko mbwa aliuona,
mkia ndio haukuuona.

Nami nilikuwa na jibu langu, sikumpa mtu.
Ni Mbuke. Mnyama anajua basi linapoondoka.
Usiku nikakaa naye jikoni, makaa yanafifia,
nikamwambia, "Ndiyo. Hata mimi."

Jumatatu akaja daktari wa mifugo, Bi Nyamizi, pikipiki imejaa vumbi.
Akabonyeza shina la mkia. Semeni akalia kidogo, kama bawaba.
"Aliogelea?"
Kutwa.
"Maji ya baridi?"
Ya Juni.
"Basi. Mbwa akiwa majini, mkia ndio usukani.
Misuli ya hapa shinani imezidiwa. Mfupa mzima.
Mlaze pakavu, mkande kwa kitambaa cha uvuguvugu,
ziwani asirudi kwanza. Siku chache tu.
Na vidonge vyako vya kichwa usimpe, utamuua."

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kipuri,
"Kwa hiyo si majonzi?"
Akaniangalia. Akafunga mkoba wake, zipu ikakwama, akaivuta tena.
"Majonzi hayakai pale," akasema.

Alhamisi alfajiri nakoroga uji
nikasikia kitu kinagonga debe.
Hakuna aliyebisha hodi. Simu haikuwa imelia.
Mkia tu, nusu ya upana wake wa zamani,
ukijaribu kulia, ukijaribu kushoto,
kama injini inayoshika ukivuta kamba mara ya tisa.

Nilifurahi, Mungu anajua.
Kisha nikabaki na mwiko mkononi,
na ile huzuni niliyomtwika mbwa siku nne
ikashuka mgongoni mwake,
ikazunguka jikoni, ikanusa kila kona,
ikamjia mwenyewe, ikakaa
upande,
kama mwenye jipu.